Filamu Ambayo Hakuna Anayekufa

Nsabimana wa mtaa wa Gatsata, Kigali, alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyeweza kumnyang'anya: koo lisilokauka, na uhakika kwamba anajua Kiingereza. Koo alipewa na Mungu. Kiingereza alijipa mwenyewe.

Shule aliiacha darasa la sita, na hakuna mwalimu aliyemfuata nyumbani kumbembeleza. Kiingereza alikiokota kwenye filamu, neno hapa neno pale, kama kuku anavyookota mtama. Na kwa kuwa filamu za wakati ule zilikuwa za vita tu, maneno aliyoyajua barabara yalikuwa "kimbia", "lala chini", "wanakuja", na matusi matatu. Kwa maneno hayo alikula, akaoa, akazaa, akajenga chumba na sebule. Wapo wenye shahada mbili ambao bado wanapanga.

Kazi yake ilikuwa usobanuzi. Asiyeijua Kigali na aambiwe: filamu ya ng'ambo ikionyeshwa mbele ya watu wasiojua lugha yake, msobanuzi hukaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, akashusha sauti ya filamu na kupandisha yake, akawaeleza watu nani kasema nini, kwa Kinyarwanda chenye Kiswahili ndani. Lakini msobanuzi anayefasiri tu ni mchuzi wa maji. Msobanuzi hasa hutia chumvi. Huwabatiza wachezaji majina ya mtaani, humtahadharisha shujaa adui akiwa nyuma ya mlango, huwatukana wabaya kwa niaba ya ukumbi mzima. Na Nsabimana alikuwa na jambo moja zaidi la kujivunia: haitazami filamu kabla ya watu.

"Mimi na nyinyi tunaiona siku moja," alikuwa akisema. "Nikijua mwisho wake, ulimi unapoa."

Kwa miaka ishirini na mitano ulimi haukupoa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya magereji, mali ya mjane mmoja, Mukandekezi, ambaye wote walimwita mukecuru, yaani bibi kizee, na viti vyake vilikuwa vimeng'olewa kwenye magari yaliyokufa: mbele viti vya basi dogo, nyuma vya lori, na kimoja cha teksi ambacho bado kilikuwa na mkanda wake. Makanika walikuwa wakijaa humo na grisi zao mpaka kwenye nyusi, na kila daraja likilipuliwa wanapiga makofi kama waliolijenga ni maadui zao.

Kisha zikaja simu. Kijana akawa anatembea na sinema mfukoni, tena imeshasobanuliwa tayari. Makanika wakapungua mmoja mmoja, mpaka Jumamosi moja Nsabimana akasobanua vita vizima, majeshi mawili na ndege zake, mbele ya watu wanne. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine alikuwa amekuja kutafuta spana aliyoiangusha juzi.

Mukandekezi akamwita. Mama huyu alikuwa mfupi, na alikuwa na fimbo ambayo hakuiegemea hata siku moja. Aliitumia kuwaonyesha watu pa kwenda. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga ndani ya ukumbi wake mwenyewe. Milio ya risasi ikianza, alibeba kiti chake akahamia upande wa pili wa nyumba. Masikio yake yalishashiba bunduki zamani, mwaka ambao mtu wa Kigali haulizi ni upi.

"Nsabimana mwanangu, ukumbi nampa Manzi."

Manzi aliuza vioo vya pembeni vya magari, na alikuwa akitafuta pa kuvitundika.

"Na mimi, mukecuru?"

"Wewe una mdomo. Mdomo haukosi pa kukaa."

"Wanaume ndio wamehamia kwenye simu. Nitaleta wanawake."

"Waje kutazama watu wanachinjana? Wanawake wana kazi, Nsabimana."

"Naleta filamu ya raha. Ya watoto wa sekondari. Wanacheka, wanacheza, wanapendana."

Mukandekezi akamtazama. "Hakuna anayekufa?"

"Hakuna."

"Hata mgonjwa?"

"Mukecuru, hata mafua hawapati."

Bibi akapiga fimbo chini mara moja, kama karani anayegonga muhuri. "Basi. Jumamosi, baada ya umuganda, nakuja mwenyewe na nakaa mbele. Akifa mtu mmoja, mmoja tu, nafunga mlango na Jumatatu Manzi anaingia. Asipokufa mtu, kaa na ukumbi wako mpaka nife mimi."

Filamu yenyewe alikuwa nayo binti wa Nsabimana, Leila, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Aliileta kwenye flashi yenye umbo la kidole gumba, akaiweka mezani, na hapohapo akataka kuzungumza.

"Baba, nzuri sana, lakini itazame kwanza."

"Tangu lini yai likamfundisha kuku?"

"Kitu kimoja tu nikuambie."

"Ukiniambia, umeniua ulimi." Akaziba masikio kwa vidole, mwanamume mzima wa miaka hamsini, mpaka mtoto akakata tamaa akaenda kufua.

Kazi ya kukusanya watu alipewa mkewe, Aidah. Aidah ni fundi cherehani. Anashona mishanana, mavazi ya maharusi, na mwanamke anayeshona mavazi hayo anajua wanawake wote walioolewa, wanaotaka kuolewa, na waliochoka kuolewa. Akawaambia wa Gatsata, na wa Gatsata wakawaambia ndugu zao wa Batsinda.

"Mwisho wake ni mzuri?" waliuliza.

"Mzuri."

"Sasa tukishajua mwisho ni mzuri, tunakwenda kufanya nini?"

"Na harusini mnakwenda kufanya nini?" Aidah akawajibu. "Hamjui mwisho?"

Jumamosi ikafika. Watu wakarudisha majembe ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, wakanawa miguu, wakaja. Walikuja na watoto mgongoni, walikuja na mabakuli ya njegere za kumenya, maana mwanamke wa Gatsata haketi hivihivi mikono ikamwangalia. Ukumbi ukajaa mpaka kile kiti cha teksi wakakaa wawili, wamefungwa mkanda mmoja. Mbele kabisa, kwenye kiti cha basi, Mukandekezi, fimbo juu ya magoti. Nsabimana akapanda kwenye stuli yake, akapuliza kipaza sauti, akaanza.

Shule ikaonekana, kubwa kama kiwanda.

"Hii ni sekondari," akasema. "Hayo mnayoyaona ukutani ni makabati ya chuma. Kila mtoto na lake. Anafungia maandazi yake wenzake wasimlie."

"Eeh, Nsabimana!" Huyo alikuwa Uwizeye, muuza nyanya, mwanamke ambaye kinywa chake hakina mlango. "Mbona wasichana hawajanyolewa? Nywele mpaka kiunoni na wako shule? Mwalimu wa nidhamu yuko wapi?"

"Mwalimu wa nidhamu amesafiri."

"Inaonekana amesafiri siku nyingi."

Wakacheka, na Nsabimana akajua amewashika. Msichana mwenye miwani, mgeni shuleni, akambatiza Kaze. Kijana mrefu anayecheza mpira wa kikapu akamwita Bruce. Kaze alikuwa akiishi na bibi yake mzaa mama, na bibi huyo ndiye aliyewateka watazamaji. Alikuwa mfupi, mwenye gari jekundu dogo asilojua kuliegesha. Bruce alipokuja mara ya kwanza kumchungulia Kaze dirishani, bibi alimmwagia maji kwa mpira wa bustani kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akamwuliza kwa upole kama anataka chai.

Sauti ya kicheko ikatoka safu ya mbele. Ilikuwa kavu kidogo, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa mara kwa mara. Watu wakanyamaza kusikiliza: alikuwa Mukandekezi.

"Huyo bibi amelelewa," akasema, na akaisogeza fimbo pembeni ili acheke vizuri.

Filamu ikaenda. Ukumbi mzima ukamchukia msichana mmoja tajiri, ukampenda mpishi wa shule. Kisha siku moja Bruce akapiga goti mbele ya wanafunzi wote, maua mkononi, akamwuliza Kaze jambo. Kiingereza cha swali lile hakikuwa na "kimbia" wala "lala chini". Bruce alikuwa anamwalika Kaze kwenye dansi ya kumaliza mwaka, basi. Lakini Nsabimana aliona goti, aliona maua, aliona watu wamekusanyika wanashangilia. Kwa mtu wa Kigali hilo linaweza kuwa jambo moja tu.

"Jamani!" akapiga kelele. "Leo ni gusaba! Bruce amekuja kumposa Kaze!"

Vigelegele vikatikisa mabati. Kule nyuma, Leila akajifunika uso kwa ubao wa kuandikia wa mtoto wa jirani.

"Peke yake?" Uwizeye akauliza. "Posa bila wazee?"

"Wazee wako kwenye basi, wanakuja."

"Na ng'ombe?"

"Wanane."

"Kwa hako kasichana kembamba?" mama mmoja wa Batsinda akasema. "Kwetu tungetoa wanne na mbuzi."

"Wewe hujaona anavyojua hesabu?" akajibiwa kutoka upande wa kulia. "Msichana ana elimu. Wanane, na ndama juu!"

Hapo safu za kulia zikawa ukoo wa Kaze, za kushoto ukoo wa Bruce, na Nsabimana ikabidi aisimamishe filamu dakika kumi ili koo zimalize kubishana, kwa maana filamu za ng'ambo zinakwenda mbio, hazijui kwamba posa ina maneno yake. Walipokubaliana saba na ndama, akabonyeza ikaendelea.

Skrini ikaonyesha hospitali.

Bibi wa Kaze alikuwa kitandani. Nsabimana akahisi koo lake, lile alilopewa na Mungu, likikauka kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa.

"Bibi," akasema, "bibi amekwenda kupimwa macho."

"Na hiyo mirija ya puani?" Uwizeye akauliza.

"Kule macho wanayapima kupitia puani."

Akatupa jicho nyuma. Leila alikuwa amesimama, anamwashiria kwa mikono yote miwili, na sasa ndipo Nsabimana akaelewa kile kitu kimoja tu ambacho binti yake alitaka kumwambia. Angeweza kuirusha mbele. Lakini msobanuzi anayeirusha filamu mbele ni kama imamu anayeruka rakaa, kila mtu nyuma yake anajua. Kwenye mashine kando ya kitanda, mstari uliokuwa ukirukaruka ukalala. Nsabimana akashusha sauti ya filamu mpaka mwisho.

"Macho yako sawa," akatangaza.

Wakaja watu wenye nguo nyeusi. Likaja na sanduku refu, linang'aa, lina maua juu, limebebwa na wanaume sita. Mikono iliyokuwa ikimenya njegere ikasimama. Nyundo ya kanika mmoja ikasikika kutoka barabarani. Nsabimana hakuthubutu kuangalia safu ya mbele. Mbele ya macho yake aliona vioo vya Manzi vimetundikwa ukutani, mamia.

"Hilo," akasema polepole, "hilo ni sanduku la harusi."

Akazigeukia safu za kulia.

"Si tumekubaliana ng'ombe saba na ndama? Sasa bibi amemnunulia mjukuu wake vyombo. Humo mna vitenge, mashuka, vikombe vya chai dazeni mbili. Ndiyo maana linabebwa na sita. Vikombe vina uzito."

"Mbona wanalia?" Uwizeye akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bibi harusi akitoka kwao watu hawalii?" Aidah akadakia kutoka kwenye kiti cha lori. "Mimi nililia siku mbili!"

"Kweli, alilia," Nsabimana akasema. "Mpaka nikajiuliza kosa langu."

"Na nguo nyeusi?"

"Ni za heshima kule," akasema yule mama wa Batsinda haraka haraka. "Nimewahi kuziona."

Laiti filamu ingeishia hapo! Lakini watu wenye nguo nyeusi wakafika kwenye majani mabichi, na sanduku likaanza kushuka, na kila mtu ukumbini akaliona linakoshuka.

"Nsabimana," Uwizeye akasema, "mbona wanalitia shimoni?"

Mtu anaweza kuishi miaka hamsini bila kujua akili yake ina urefu gani. Nsabimana alijua siku ile.

"Wezi," akasema.

"Wezi?"

"Kule kuna wezi wabaya sana. Vyombo vya harusi vinafukiwa mpaka siku yenyewe, kisha vinafukuliwa."

Halafu, kutoka safu ya mbele, sauti ya Mukandekezi, bila kugeuka: "Wana akili."

Njegere zikaanza tena kuanguka kwenye mabakuli. Kaze akaonekana amekaa peke yake kwenye kitanda cha bibi, anashika gauni la zamani la bibi, analinusa. Nsabimana akasogeza kipaza sauti mdomoni na ikambidi akisogeze tena. "Kaze anasema... anasema, bibi amekwenda Bukavu kununua vitenge vilivyobaki, na amechelewa kurudi. Anasema nyumba imekuwa kubwa." Akakohoa. Mtu akapenga kamasi kwenye kanga.

Baada ya hapo mambo yakawa kama Leila alivyosema, mazuri sana. Kaze akalipunguza gauni la bibi na kulishona upya, Aidah akapiga kelele kwamba mshono wa bega hauko sawa. Kaze akalivaa kwenye dansi. Bruce akamkanyaga miguu. Yule msichana tajiri akaomba msamaha. Mpishi wa shule akacheza kuliko wote. Wanawake wa Gatsata wakasimama wakacheza nao, watoto wanarukaruka mgongoni, na wale wawili wa kiti cha teksi wakasahau mkanda wakaanguka pamoja. Mukandekezi hakusimama. Alikaa anatazama mpaka majina yote ya mwisho yakapita, ambayo hakuna mtu yeyote duniani anayeyatazama.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Nsabimana alikuwa anakunja nyaya, na anazikunja polepole.

"Yule bibi," Mukandekezi akasema.

"Ndiyo, mukecuru."

"Kutoka Bukavu atarudi lini?"

Nsabimana akaangalia waya mkononi. "Barabara ni mbaya."

"Ni mbaya," Mukandekezi akakubali. "Msimu huu wa mvua." Akainuka, akaelekeza mlango kwa fimbo kana kwamba bila hivyo asingeuona, akaenda zake. Hakusema ufunguo unabaki, hakusema ufunguo unatoka.

Jioni Nsabimana hakugusa chakula. "Nimewadanganya watu mia," akasema, "na mukecuru amejua. Jumatatu natoka."

Leila alikuwa anaosha vyombo. "Baba, hukumdanganya mtu. Wote walijua. Nilitoka katikati yao. Uwizeye alikuwa analia njiani, anamlilia bibi kwa sauti."

"Sasa mbona walininyamazia?"

"Walikuwa wanaambizana, ssh, mukecuru asijue, asije akaumia."

"Na mimi nilijua tangu pale hospitalini," Aidah akasema. "Macho kupitia puani! Wewe mwanamume, una bahati tunakupenda."

Nsabimana akalitafakari hilo. Wanawake mia wanajua jeneza ni nini. Ni nani Kigali hajui jeneza ni nini? Na wote, kila mmoja na bakuli lake, walikubaliana bila kupanga kwamba ni vikombe vya chai. Hakujua kama acheke. Akala viazi viwili, vilikuwa vimepoa.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya ukumbi, ufunguo mkononi, tayari kuukabidhi. Mukandekezi alikuwa kwenye kiti chake. Manzi akatokea na mkokoteni wa vioo vya pembeni, vya kushoto upande mmoja, vya kulia upande mwingine, vyote vinamwaga jua barabarani.

"Mukecuru, mwaramutse. Nimekuja kutundika."

"Kutundika nini?"

"Si tulikubaliana? Akifa mtu, ukumbi ni wangu."

"Kwani amekufa nani?"

"Bibi!" Manzi akatazama huku na huku kutafuta shahidi. "Bibi wa yule msichana! Gatsata nzima inasema bibi amekufa!"

Mukandekezi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeingia kwa watu bila kupiga hodi.

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Unamfahamu huyo bibi?"

"Simfahamu, mukecuru."

"Basi acha kutangaza misiba ya watu usiowajua."

Manzi akaugeuza mkokoteni. Katika vioo vyake vyote Nsabimana akajiona, Nsabimana arobaini, kila mmoja ameduwaa na ufunguo wake mkononi, wanateremka mlima kuelekea Nyabugogo.

"Na wewe umesimama nini?" Mukandekezi akamwambia, na fimbo ikamwonyesha mlango. "Kuna maganda ya njegere mle ndani mpaka kwenye magoti. Fagia."